Vidole Vitatu Juu ya Tope

Land Cruiser mpya inapofika Kasongo, mashariki mwa Kongo, imefika nusu. Nusu ya kwanza imetengenezwa Japani, na imetengenezwa vizuri: chasi yenye mihimili miwili mirefu, ekseli nzima za chuma mbele na nyuma, na mara nyingi ile injini ya dizeli ya 1HZ yenye silinda sita, ambayo tangu mwaka 1990 haijawahi kudai kompyuta ili iwake. Nusu ya pili inatengenezwa hapa, chini ya mwembe au chini ya bati, na mtu aliyelala chali juu ya turubai huku miguu yake tu ikionekana. Huyo ndiye anayeamua springi ziwe na majani mangapi, gari lisimame juu kiasi gani, na likishasimama hivyo liendelee kumtii dereva wake. Nataka kumsifu mtu huyo, maana wengi humlipa na wachache humsifu.

Anayeijua barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare haulizi kwa nini gari lipandishwe. Ni zaidi ya kilomita mia moja za udongo mwekundu, na mvua za kusini mwa Maniema zikishaanza mwezi wa tisa hazina haraka ya kuondoka. Zinaendelea hadi karibu mwezi wa tano, na vipindi vya jua vinavyopita katikati havitoshi kukausha mabonde. Malori hupita na magurudumu yake makubwa yakichimba mifereji miwili, na kati ya mifereji linabaki tuta. Kila lori linalofuata linazidisha kina. Gari dogo likija nyuma halina hiari: matairi yanateleza na kuingia mferejini, tuta linapanda mpaka tumboni, na mara chasi imekaa juu ya udongo. Hapo hata ukiwa umeingiza gia ya magurudumu manne, yote manne yanazunguka bure, kwa sababu uzito wa gari hauko tena juu yake. Uko juu ya tuta. Kinachofuata ni jembe, magogo, kamba, vijana wa kijiji cha karibu, na maafikiano ya bei.

Bado hujafika kwenye madaraja ya magogo, ambapo gari hushuka kwa pua kwanza kisha likapanda kwa nguvu upande wa pili, wala, kwa anayeelekea magharibi, kwenye pantoni ya mto Lualaba, ambapo mlango wa chuma na ukingo wa mto havikutani kwa pembe moja siku mbili mfululizo. Bampa la mbele likiwa chini linachimba. Sehemu ya nyuma ikining'inia inakwaruza. Sentimita tano, yaani vidole vitatu vya mtu mzima vikilazwa pamoja, ndizo zinazotenganisha gari linalopita na gari linalolala njiani.

Njia hii ni kongwe kuliko gurudumu. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji ilipita Kabambare ikielekea Kasongo na Nyangwe, na aliyekuwa na sauti kuliko wote katika nchi hii, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, utajiri wake wote ulipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Pembe za ndovu, vitambaa, shanga, baruti: kila kitu kilikuwa na mgongo wake, na wengi wa waliobeba hawakuchagua kubeba. Kiswahili chetu cha Kasongo kilikuja kwa njia hiyohiyo, na mchele tunaojivunia nao pia. Siwezi kuvipenda viwili hivi bila kukumbuka watu waliolipia. Mwezi wa nne mwaka 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis liliuteka mji wa Kasongo. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipokamilika mwaka 1911, ilipita ng'ambo, upande wa magharibi wa Lualaba. Kasongo ikabaki mashariki ya mto, Kabambare mashariki zaidi, na mizigo yetu ikaendelea kutegemea migongo: ya watu, ya baiskeli, ya pikipiki, na ya magari yaliyopandishwa.

Ndiyo maana fundi anayestahili jina hilo huanza na swali ambalo kila kiongozi wa msafara alipaswa kulijua jibu lake kabla ya kutoka Ujiji. Mteja anaingia akisema, "Papa, nipandishie gari." Fundi asiyejua kazi atauliza, "Lipande kiasi gani?" Fundi anayeijua atauliza, "Litabeba nini?"

Swali hilo ndilo moyo wa ufundi wote huu. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba springi hujikunja au kunyooka kwa kadiri ya nguvu inayoikabili: mzigo ukizidishwa mara mbili, springi nayo inashuka mara mbili. Si lazima fundi awe amelisikia jina la Hooke. Anachukua utepe wa kupimia, anauweka katikati ya kitovu cha gurudumu, anaupandisha mpaka ukingo wa madigadi, na kuandika namba kwa chaki ukutani. Anafanya hivyo pembe zote nne gari likiwa tupu. Halafu anataka kuliona gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, magunia ya mchele au mifuko ya saruji au mapipa ya mafuta, na anapima tena. Namba za kwanza zikitolewa za pili, amejua springi zilizopo zina nguvu gani na kama zimechoka. Mara nyingi upande wa dereva umeshuka kuliko wa pili, na mara nyingi mwenye gari hakuwa amegundua. Asubuhi nzima inaweza kupita hivyo bila boliti hata moja kuguswa, na mteja anaanza kuona kama anapotezewa muda. Hapotezewi. Sehemu ngumu ya kazi inafanyika mbele ya macho yake.

Springi imara kuliko mzigo ni adhabu. Ukimwekea mfanyabiashara springi za tani nzima, naye anarudi kutoka Kabambare akiwa peke yake na mkoba, gari litaruka kila shimo, matairi yatapoteza ardhi, na mara atajikuta anasafiri hewani. Kwa gari la wagonjwa jambo hili ni zito zaidi. Kasongo ina jina katika vitabu vya afya vya dunia: tangu miaka ya 1970 kikosi cha mradi kilichoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp kilijenga hapa mfumo wa vituo vidogo vinavyotegemea hospitali moja, na utafiti wake kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kazi hiyo ilifunza wengi, hata nje ya Kongo. Lakini kituo kidogo kinaitegemea hospitali kwa njia ya barabara tu. Mama aliyeshindwa kujifungua kijijini analazwa nyuma ya Land Cruiser, na kila jani la ziada kwenye springi linamgonga mgongoni. Gari lake linahitaji kupita tope kama lile la mfanyabiashara, na wakati huohuo linahitaji kuwa laini. Kupatanisha mahitaji hayo mawili katika mkusanyiko mmoja wa chuma kunataka akili, na mara nyingi jawabu ni springi zenye majani mengi membamba badala ya machache manene, pamoja na shokapu zenye urefu unaotosha.

Kuna jambo moja ambalo wateja wengi hawalijui, na fundi mwaminifu hulisema kabla ya kupokea pesa. Kupandisha springi hakupandishi difu. Chasi inapanda, karoseri inapanda, bampa linapanda, tangi la mafuta linapanda. Lakini ekseli imefungwa kwenye magurudumu, na lile yai la chuma katikati yake linabaki palepale lilipokuwa, sentimita ishirini na kitu kutoka ardhini. Njia ya kawaida ya kuliinua ni tairi kubwa zaidi, na hata tairi linatoa nusu tu: kipenyo kikiongezeka kwa sentimita tano, difu inapanda mbili na nusu. Springi zilizopandishwa zinatoa nafasi ya kuweka tairi hilo bila kugusa madigadi. Kwa hiyo vitu viwili hivi huenda pamoja, na anayenunua kimoja akidhani amepata vyote amedanganywa. Mimi mwenyewe nasimama na madereva wazee katika suala la upana. Vijana wanapenda matairi mapana kwa sababu yanajaza macho. Wazee wanabaki na lile jembamba na refu la 7.50-16, linalokata tope laini mpaka likutane na udongo mgumu chini yake. Barabara ya Kabambare iko upande wa wazee.

Sasa kazi yenyewe. Gari linapandishwa kwa jeki, chasi inakalishwa juu ya magogo ya mti mgumu, magurudumu yanatolewa, ekseli inaachwa ishuke polepole. Hapa ndipo unapoanza kuona kwamba ekseli haikufungwa kwenye gari kwa springi peke yake. Imefungwa kwa mipira ya breki, shokapu, propela, rodi za usukani, bomba la kupumulia difu, nyaya. Kila kimoja kilipimwa kiwandani kwa urefu wa zamani. Ukibadilisha urefu wa springi umebadilisha mkataba na vyote, na ufundi wa kupandisha gari ni kwenda kwa kila kimoja na kuafikiana nacho upya.

Mpira wa breki ndio wa kwanza, kwa sababu ndio unaoua. Gurudumu linapodondoka shimoni ekseli inashuka mpaka mwisho wake, na mpira mfupi utavutika mpaka uchanike. Kwa hiyo fundi anaishusha ekseli mpaka chini kabisa, kisha anaingiza kidole nyuma ya mpira: kama hauna ulegevu, mshikio wake unateremshwa au mpira mrefu zaidi unatafutwa. Shokapu nayo inapimwa hivyohivyo pande zote mbili. Ikiwa fupi, ndiyo itakayozuia ekseli kushuka, kazi ambayo haikuumbiwa, na siku moja jicho lake litang'oka. Ikiwa ndefu mno, itagota ndani springi inapojikunja, na itapasuka. Chini ya chasi kuna mpira mfupi mnene unaoizuia ekseli isigonge chuma. Shokapu ikibadilishwa, mpira huo nao unaongezewa kimo.

Mbele kuna ujanja wake. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotoka tangu mwaka 1999 zina springi za koili mbele na za majani nyuma. Zile za kabla yake, za modeli ya 75 ambazo bado zinaonekana kwetu zikifanya kazi kwa heshima kamili, nyingi zina majani pande zote. Kwenye koili, ekseli inashikwa na mikono miwili mirefu inayotoka nyuma. Ukiweka koili ndefu, mikono hiyo inaelekea chini zaidi, na ekseli nzima inazunguka kidogo kwenda mbele. Pembe inayoitwa kasta inapungua kwa digrii chache. Kwa macho huwezi kuiona. Mikono ya dereva inaiona mara moja: usukani unakuwa mwepesi, hauna hamu ya kurudi katikati, na gari linaanza kutangatanga barabarani, dereva akilirudisha kila mara mpaka mabega yanachoka. Dawa yake ni bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, au bamba zinazorekebisha mikono hiyo. Kisha kuna rodi ya mshazari inayoizuia ekseli isiende kushoto wala kulia. Gari likipanda, rodi hiyo inaivuta ekseli upande mmoja, na gari linatembea kiubavuubavu mpaka rodi irekebishwe. Nimeona magari mengi yakitembea hivyo, wenyewe wakisema ni tabia ya gari.

Nyuma kuna kitu kidogo kuliko vyote na ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinatenganisha mafundi. Juu ya ekseli ya nyuma ya Land Cruiser nyingi kuna valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Valvu hiyo inapima mzigo. Gari likibeba, nyuma inashuka, fimbo inasukumwa, na valvu inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu na juu, valvu inazipunguzia nguvu ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa pandisha nyuma kwa vidole vitatu. Kuanzia siku hiyo fimbo inaiambia valvu kwamba gari ni tupu, hata kama lina tani ya saruji na abiria kumi juu yake. Breki za nyuma zinadhoofika kimya, hakuna taa inayowaka, na dereva atajua siku ya mteremko wa kuelekea mto Luama, mvua ikiwa imenyesha. Dawa ni kipande cha chuma chenye matundu mawili kinachoinua mshikio wa fimbo kwa kimo kilekile gari lilichopandishwa. Ni kazi ya nusu saa. Anayekikumbuka kipande hicho ninamwamini na gari langu na watoto wangu ndani yake.

Halafu kuna majani. Vifaa vya kupandishia vinauzwa vikiwa kamili, vimefungwa kwenye maboksi. Waaustralia ndio mabingwa, kampuni ya ARB ipo tangu mwaka 1975 na springi zake za Old Man Emu huchaguliwa kwa uzito wa mzigo, jambo linaloonyesha kwamba wenzetu wa huko nao wanaanza na swali lilelile. Lakini boksi la namna hiyo likivuka bahari, likapita bandari, mpaka na ziwa, linafika Kasongo na bei ambayo ni mashirika na migodi tu yanaiweza. Wengine wanategemea majani ya magari yaliyokufa. Springi ya lori chakavu inafunguliwa, majani yanasafishwa kwa brashi ya waya, na fundi anayachagua moja moja: anatafuta ufa kwa kupaka mafuta ya taa na kufuta, kisha kuangalia mstari mwembamba unaotoa unyevu, anapitisha kidole kwenye ncha kutafuta mfereji ambao jani la chini limechimba kwenye la juu kwa miaka ya kusuguana, analigonga kwa nyundo na kusikiliza.

Jani lililochoka na kunyooka linarudishiwa mkunjo wake likiwa baridi. Linalazwa juu ya vipande viwili vya reli, na fundi na msaidizi wake wanapiga kwa zamu, pigo dogo dogo, wakianzia katikati na kwenda nje, wakilinganisha na jani la upande wa pili lililowekwa chini kama kipimo. Ni kazi ndefu ya jasho, na kuna njia ya mkato inayomjaribu kila kijana: moto wa gesi. Chuma chekundu kinakunjika kwa pigo moja. Lakini springi ni springi kwa sababu ilipashwa moto, ikazimishwa kwenye mafuta, kisha ikapashwa tena kwa kiasi, kwa mpangilio. Ukiichoma ovyo na kuiacha ipoe yenyewe, umerudisha chuma cha kawaida ambacho kitanyooka mzigo wa kwanza, au kitavunjika pale pale moto ulipoishia. Kuchomelea jani kwa umeme ni vivyo hivyo. Mafundi wa kweli hawachomelei springi, hata mteja akilia. Jani lililovunjika lina njia nyingine ya heshima: linakwenda kwa mhunzi, naye anatoa panga. Wakulima wa Maniema wanajua kwamba panga la springi linashika makali kuliko la dukani, na watu wa nchi hii walifua majembe na visu karne nyingi kabla ya lori la kwanza kufika.

Majani yakishapangwa, lile refu lenye macho mawili juu, mengine yakifuata kwa kupungua, senta bolti inapita katikati na kuyabana, kisha yuboliti zinayafunga kwenye ekseli. Yuboliti za zamani hazirudi. Zilipokazwa mara ya kwanza zilivutika, na chuma kilichovutika mara moja hakivutiki tena sawasawa. Atakayezirudisha ili aokoe pesa kidogo ataiacha ekseli itembee juu ya springi mpaka senta bolti ikatike. Nati nne zinakazwa kwa msalaba, kidogo kidogo, kila moja ikisubiri wenzake.

Boliti zinazopita kwenye macho ya springi zina sheria yao. Hazikazwi gari likiwa juu. Ndani ya kila jicho mna bushi ya mpira, na mpira huo haukuwekwa uzunguke, uliwekwa ujinyonge kidogo kulia na kushoto springi inapofanya kazi. Ukiikaza boliti wakati ekseli inaning'inia, umeushika mpira katika hali ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira unanyongwa moja kwa moja na unabaki umenyongwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Baada ya msimu mmoja umechanika. Kwa hiyo fundi anazifunga kwa vidole tu, anarudisha magurudumu, anashusha gari, anapanda kwenye bampa na kuruka mara kadhaa ili springi zikae mahali pake, na ndipo anarudi kulala chini ya gari lenye uzito wake wote, ufunguo mkononi, kukaza zile boliti. Ni mahali pabaya pa kulala, na nafasi ya kuvuta ufunguo ni ndogo. Ingekuwa rahisi mno kuzimaliza mapema, na hakuna mteja ambaye angejua.

Nina neno kwa wanaopandisha kwa ajili ya macho. Tangu dhahabu ya Namoya, kule Salamabila katika eneo la Kabambare, ianze kuvuta watu na pesa, tumeona pia magari yaliyopandishwa kimo cha kutisha: shakeli ndefu zilizochomelewa mtaani, vipande vya mti vilivyosukumwa kati ya springi na ekseli, koili zilizowekewa pete juu ya pete. Krosi za propela zinafanya kazi kwa pembe isiyo yake na zinalia. Kitovu cha uzito wa gari kimepanda, na kwenye barabara iliyolala upande mmoja, mizigo ikiwa imefungwa juu ya kabini na watu wamekaa juu ya mizigo, gari hilo halihitaji mwendo wa kasi ili lipinduke. Watu wanaokaa juu ya mizigo hawakuulizwa. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba fundi anayekubali kupandisha zaidi ya inavyohitajika amekosa, hata kama alilipwa vizuri na kazi yake haina kasoro ya mkono. Kipimo cha kazi hii ni kimo kidogo kabisa kinachotosha kupita.

Ndiyo sababu natamani kazi hii iandikwe na kufundishwa. Kwa sasa inapita kutoka kwa mtu hadi mtu. Kijana anaanza kwa kuosha boliti kwenye mafuta ya taa, anaendelea na kushika taa, halafu kushika nyundo ya pili. Anajifunza kwa sababu yuko pale siku ambayo jambo linatokea. Ile valvu ya breki, kwa mfano, ataijua tu kama gari lenye valvu liliingia karakana yao, na kama mzee alikuwa na subira ya kueleza. Shule zetu za ufundi zina vijana wenye akili na zina ubao. Mchoro wa ekseli, springi, na pembe za mikono yake ungeweza kuchorwa juu yake wiki hii.

Mwisho wa kazi fundi hampi mteja mkono wa kwaheri. Anamwambia aende mpaka Kabambare na mzigo, arudi, apitie karakana kabla ya kwenda nyumbani. Majani mapya yanajilaza, rangi na kutu kati yake vinasagika, na yuboliti iliyokuwa imekaza inapata ulegevu bila kosa la mtu. Akirudi, nati zinakazwa tena, vitovu vinapimwa tena kwa utepe, namba zinaandikwa chini ya zile za kwanza. Mteja asiyerudi anafuatwa. Nimemwona fundi akimtuma kijana kwa baiskeli mpaka sokoni kumtafuta mwenye gari.

Mmoja wa waliorudi alikuja kwa sababu nyingine. Aliacha biashara ya saruji, sasa anapeleka watu na vifurushi vyepesi, na gari lake, lililopandishwa kwa mzigo mzito, lilikuwa linawatupa abiria. Alitaka shokapu mpya. Fundi alipima, akamwuliza maswali, akamwambia shokapu zake ni nzima. Akafungua springi za nyuma, akatoa jani moja kila upande, akaweka yuboliti mpya, akashusha mshikio wa fimbo ya valvu kwa kimo ambacho gari lilishuka, akakaza bushi likiwa chini kwa uzito wake. Kazi ya kushusha alitoza bei ileile ya kupandisha, na mwenye gari alilipa bila kubishana.